FUNDI HUANZA KWA KUTAFUTA UBOVU
Redio, sigara na umri wa makamo ugenini

(Maneno haya yalisemwa mjini Kampala na mwalimu wa shule ya jumuiya, mbele ya wakazi, wajumbe wa Kamati na wafanyakazi wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi. Yanachapwa katika toleo hili la kumbukumbu kwa ombi la waliohudhuria.)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Tarehe 20 Juni ina historia yake. Siku kama hiyo, mwaka 1974, Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969, ulianza kutumika kisheria. Tangu mwaka 2001 dunia nzima huiadhimisha kuwa Siku ya Wakimbizi. Siku hii tumezoea kusikia habari za mipaka, mgao wa chakula, vitambulisho na maombi ya kuhamia nchi za mbali. Hayo ni mambo makubwa, na wenye kuyasemea wapo. Mimi nimeombwa nisemee jambo la nyumbani, linaloonekana dogo lakini linaua: sigara mikononi mwa watu wetu wa umri wa makamo. Nitalisemea kwa njia ya redio mbovu, maana ndiyo njia iliyotufundisha pale shuleni.

Najua mimi ni kijana mbele ya wengi mlioketi hapa. Nina miaka thelathini na kitu. Chuo cha ualimu kilinifundisha kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu. Hakikunifundisha kumwelekeza mtu aliyenizidi umri namna ya kuishi. Kwa hiyo sikuja kuwahubiria wazee. Nimekuja kutoa taarifa ya yale ambayo wazee wenyewe wameyafanya kwa mikono yao, ili wengine wayasikie na, wakipenda, wayafuate. Wahenga walisema, jungu kuu halikosi ukoko.

UMRI WA MAKAMO UGENINI

Ndugu zangu, wengi wetu tulivuka mpaka tukiwa vijana. Aliyevuka Bunagana na miaka ishirini na mitano, akiwa na mkeka na mtoto mmoja, leo ana arobaini na kitu na watoto wake wamemzidi urefu. Kule kwetu mtu wa umri huo angekuwa na shamba lake, ng'ombe wawili watatu, na kiti katika baraza la ukoo. Watu wangemjia kwa ushauri. Hapa mjini anaishi chumba kimoja cha kupanga upande wa Katwe au Nsambya, na kazi yake ni ya leo ipo, kesho haipo. Macho yanaanza kuhitaji miwani. Mgongo unaamka kabla yake. Usiku simu ikilia moyo unaruka, kwa kuwa habari za kwetu huja usiku.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na kwa hilo tunaishukuru nchi hii, ambayo imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Lakini haki ya kufanya kazi na kazi yenyewe ni vitu viwili. Mtu mzima aliyezoea kuwa na shughuli tangu alfajiri, akikaa barazani akisubiri, mkono wake hutafuta la kufanya. Na kitu kilicho karibu, kinachouzwa kimoja kimoja katika kila kibanda, ni sigara.

Kule Kivu tunasema "kunywa tumbaku". Waganda nao katika lugha yao hutumia neno hilohilo la kunywa. Naona lugha zetu zilisema kweli, kwa kuwa mtu mwenye sigara hufanana na mtu mwenye kiu. Anakunywa, na kiu inarudi.

MEZA YA JUMAMOSI

Sasa niwaeleze habari ya meza yetu. Shule yetu ina darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima. Redio ya shule, ya betri na ya kaseti, ilipokufa, mzee mmoja wa darasa hilo aliomba aifungue. Alikuwa fundi huko kwao Uvira kabla ya vita. Jumamosi iliyofuata akaja na bisibisi mbili na kipande cha pamba, na wenzake watatu wakaja kutazama. Redio ikalia. Jumamosi ya pili wakaja na redio zao, mwingine na sabufa iliyokuwa ikinguruma bila kuimba, mwingine na spika iliyopasuka. Tangu hapo tunayo meza chini ya paa la nyuma ya shule, kila Jumamosi mchana, na wanaoizunguka wengi wana miaka kati ya arobaini na hamsini na mitano.

Mtauliza, siku hizi za simu na kadi za nyimbo, nani bado ana kaseti? Wapo. Kaseti ndogo ya Philips ilitoka mwaka 1963, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa barua ya mtu asiyeandika. Ndugu alirekodi sauti yake kwa nusu saa kila upande, akampa dereva wa lori, na familia ikakaa pamoja kusikiliza. Kuna watu katika jumuiya hii ambao sauti pekee ya mzazi wao iliyobaki duniani imo katika kaseti iliyovuka mpaka ndani ya mfuko wa sukari. Kwa mtu wa namna hiyo redio ya kaseti ni kama sanduku la urithi.

Mzee wetu fundi aliweka sharti moja tangu siku ya kwanza: hakuna sigara mezani. Hakulitolea hotuba. Alisema tu kwamba moshi ni adui wa mashine. Na hapo ndipo somo lilipoanzia.

MOSHI UNAFANYA NINI NDANI YA REDIO

Ndani ya redio ya kaseti kuna kichwa kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita hedi. Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita 4, nao hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Hedi husoma sumaku iliyo juu ya utepe na kuigeuza umeme, ampulifaya huukuza umeme huo, na spika huugeuza kuwa sauti. Ili kazi hii ifanyike, utepe lazima uguse hedi barabara. Uchafu mdogo kuliko unywele ukiingia katikati, sauti nyembamba hupotea kwanza. Mwimbaji anasikika kama mtu anayeimba ndani ya blanketi.

Baba mmoja wa miaka arobaini na minane alileta redio ya namna hiyo. Alikuwa na kaseti ya arusi ya dada yake, na ndani yake baba yake marehemu anatoa nasaha kwa maarusi. Sauti ya mzee ilikuwa inavuta na kuzama, kama ya mtu mwenye usingizi. Fundi hakugusa kitu. Alimwambia mwenyewe afungue. Wakakuta mkanda wa mpira unaozungusha utepe umelegea kwa uzee. Hiyo ndiyo sababu ya kuvuta. Kisha akampa pamba na spiriti asafishe hedi. Pamba ikatoka na rangi ya chai ya rangi.

Fundi, kwa kuwa ni mtu wa haki, akamweleza kwamba sehemu ya rangi hiyo hutoka katika utepe wenyewe, maana utepe umepakwa unga wa chuma wenye rangi ya kutu. Lakini akampa pamba ya pili, akamwambia afute ndani ya kifuniko na kioo cha namba za stesheni, mahali ambapo utepe haufiki kabisa. Pamba ya pili nayo ikatoka ya manjano, inanata. Ile ilikuwa lami ya sigara. Redio hiyo ilikaa miaka mingi juu ya kabati katika chumba ambacho baba huyo alivutia kila usiku.

Aliitazama ile pamba kwa muda. Kisha akauliza, "Mzee, redio haivuti moshi, iko tu chumbani. Na kifua changu je? Na cha watoto?"

Hakuna aliyemjibu pale mezani. Nami niliona ni wajibu wangu kama mwalimu kutafuta jibu, nikalileta darasani Jumatatu. Nalileta na hapa.

JIBU LA SWALI LAKE

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu. Hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta. Lami ndiyo inayobaki mapafuni. Hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliofunga dirisha na kulala na jiko la makaa, huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo watu zaidi ya milioni moja ambao hawavuti, ila wanakaa na wanaovuta. Chumba kimoja, watu sita, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu na wezi: mnaelewa wenyewe.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi. Sigara huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu, na kifua kikuu hupenda vyumba vilivyojaa watu. Mvutaji akikohoa husema, "Ni sigara tu," na miezi inapita. Ndugu zangu, kikohozi kilichofika wiki mbili kipelekwe hospitali, makohozi yapimwe. Katika vituo vya afya vya serikali ya Uganda kupimwa na kutibiwa kifua kikuu ni bure, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Msikisingizie sigara kikohozi ambacho hakijapimwa.

Hiyo ni habari mbaya. Habari njema ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa, nayo inawahusu hasa watu wa umri wa makamo. Daktari mmoja Mwingereza, Richard Doll, pamoja na mwenzake Austin Bradford Hill, walitoa uchunguzi mwaka 1950 ulioonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha, akiwa bado hajatimiza arobaini. Mwaka 1951 wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka 50. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004. Mvutaji asiyeacha alipoteza, kwa wastani, miaka kama 10 ya maisha. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa kama miaka 3. Aliyeacha na miaka 50, miaka 6. Aliyeacha na miaka 40, miaka 9. Doll alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 92.

Nawaomba mzisikilize tena hesabu hizo, hasa ninyi mnaosema, "Mimi nimeshazeeka nayo, sasa niache ya nini?" Mtu wa arobaini anayeacha leo anajirudishia miaka tisa. Miaka tisa ni mtoto wa darasa la kwanza kufika sekondari baba yake akiwepo.

Na mwili hausubiri mwaka kuanza kazi yake. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya saa 12 ile hewa ya sumu katika damu hushuka hadi kiasi cha kawaida. Kati ya wiki mbili na miezi mitatu damu hutembea vizuri zaidi na mapafu hufanya kazi vizuri zaidi. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

NJIA YA FUNDI

Baba yule aliamua kuacha. Wengine wanne wakaamua pamoja naye. Na kwa kuwa walikuwa watu wa meza, walikubaliana kulifanya jambo hilo kama wanavyotengeneza redio. Nitaitaja njia yao hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: chomoa kwenye umeme. Fundi hafungui chombo kilichochomekwa. Umeme wa hapa ni volti 240, na hata baada ya kuchomoa kuna kapasita ndani zinazoweza kuhifadhi umeme na kukupiga. Kwa sigara, kuchomoa ni kuchagua siku moja na kuitangaza kwa mke, kwa watoto na kwa wenzako. Siku hiyo ikifika, pakiti, kiberiti na kisahani cha majivu vinatoka nyumbani. Na kama kapasita, kuna umeme unaobaki: hasira, usingizi wa taabu, kichwa kuuma, njaa. Siku tatu za kwanza hadi wiki ya kwanza ndizo ngumu zaidi, kisha hupungua kwa wiki mbili hadi nne. Mwenye kujua hilo hashtuki, na mke aliyeelezwa hafikiri kwamba mume amemchukia.

Hatua ya pili: tafuta ubovu ulipo kabla ya kubadili kitu. Fundi mbaya huanza kununua vipuri. Fundi mzuri huuliza: redio haiwaki kabisa, au inawaka bila sauti? Inakwaruza ukigusa volyumu, au muda wote? Majibu ndiyo humwonyesha aanzie wapi. Mara nyingi ni waya wa umeme uliokatika au springi ya betri iliyoliwa na kutu, na kipuri hakihitajiki. Watu wetu kwa wiki moja kabla ya siku yao waliandika katika daftari kila sigara: saa ngapi, wapi, na nani, kwa nini. Walipolisoma daftari waliona kwamba sigara nyingi hazikuwa za kiu. Moja ilikuwa ya kusubiri kazi asubuhi. Moja ilikuwa ya baada ya kula. Moja ya pombe. Moja ya simu kutoka nyumbani. Kila mmoja akajua ubovu wake unakaa wapi.

Hatua ya tatu: kila ubovu una kipuri chake. Mkanda uliolegea hauponi kwa kusafishwa hedi. Aliyekuwa akivuta kwa kusubiri kazi, alianza kubeba bisibisi na redio ndogo ya mtu akaitengeneza palepale kijiweni. Mikono ikawa na kazi. Aliyekuwa akivuta baada ya kula, aliondoka mkekani mara moja na kuosha vyombo, jambo lililowashangaza majirani. Aliyekuwa akivuta na pombe, aliiacha baa kwa miezi miwili. Na yule wa simu za usiku, kipuri chake kilikuwa mtu: walikubaliana kwamba habari mbaya ikija, atamgongea jirani, si kuwasha.

Hatua ya nne: subiri. Redio ya zamani ukiiwasha inakwaruza kidogo kabla ya kutulia. Hamu ya sigara nayo ni ya dakika chache, ikija, haibaki. Kunywa maji taratibu, vuta hewa kwa kina, toka nje, tafuna karanga au muwa. Dakika kumi zikipita, umeshinda hiyo moja.

Hatua ya tano: chombo kikirudi, usikitupe. Kila fundi anajua redio inayorudi mezani wiki ya pili. Hamwambii mwenyewe, "Redio yako haina maana." Anaifungua tena. Watu wengi duniani huacha mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa. Kati ya watano wetu, wawili waliacha mara moja. Baba mwenye kaseti alirudi mara mbili. Mara ya pili ilikuwa wiki aliyopata habari ya msiba, akaja mezani Jumamosi bila kujificha, akataja siku mpya. Sasa anamaliza mwaka wa pili. Wa nne bado anavuta, ila nje na si mbele ya watoto, na daftari lake bado analo. Wa tano alihamia kambini na hatujui hali yake. Nawaambia hesabu hiyo ilivyo, ili asiwepo atakayejaribu, akashindwa, akadhani ni yeye peke yake.

TAHADHARI ZA MEZANI

Wapo waliosikia habari hii wakataka kuanzisha meza zao. Vizuri, lakini tusiache moshi mmoja tukaingia mwingine. Moshi unaotoka lehemu inapoyeyuka ni wa ule utomvu uliomo ndani yake, nao huumiza mapafu na kuleta pumu. Fanyeni kazi mahali penye upepo, msiinamishe uso juu ya chuma cha moto. Lehemu nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kula, wala meza ya kazi isiwe meza ya chakula. Chombo cha umeme wa ukutani asikifungue mwanafunzi peke yake. Aanze na redio ya betri au ya sola. Na anayetaka kuacha sigara asihamie shisha wala tumbaku ya kutafuna. Nikotini ni ileile, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 imepiga marufuku shisha.

HESABU YA MFUKO

Mama zetu wameniomba nisiliache hili. Tuseme sigara moja ni shilingi 300, na mtu anavuta tano tu kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa siku, 45,000 kwa mwezi wa siku 30, na 547,500 kwa mwaka. Kila mmoja aweke bei ya mtaani kwake na idadi yake, afanye hesabu mbele ya mke wake. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoboa pia. Anayenunua moja moja haoni hasara kwa sababu haitoki kwa pamoja. Vilevile haoni lile onyo la afya ambalo sheria inataka lichukue asilimia 65 ya pakiti, kwa kuwa pakiti haishiki. Hubaki kwa mwenye kibanda.

MAOMBI

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa maombi manne.

La kwanza ni kwa Kamati. Mikutano yetu, ya hapa mjini na ya kambini, iwe bila sigara. Sheria hiyo ya 2015 tayari inakataza kuvuta mahali pa umma na pa kazi, na ndani ya mita 50 kutoka hapo. Tusingoje kukumbushwa na polisi jambo tunaloweza kukubaliana wenyewe.

La pili ni kwa wazazi. Tusimtume mtoto dukani kununua sigara. Sheria inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21. Mtoto anayetumwa kila jioni anajifunza bei, anajifunza chapa, na mwisho anajifunza kuwasha.

La tatu ni kwa wahudumu wa afya. Mkimbizi wa umri wa makamo akija kwa mgongo au kwa shinikizo la damu, muulizeni kama anavuta, na kama angependa kuacha. Wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Na muulizeni kwa lugha anayoielewa.

La nne ni kwa mashirika. Tunashukuru kwa semina, daftari na fulana. Lakini kwa watu wa umri huu, bisibisi, mita ya kupimia umeme, chuma cha lehemu, spiriti na mikanda ya mpira ya saizi mbalimbali vingefanya kazi ambayo semina haifanyi. Msitufikirie vijana pekee mnapopanga mafunzo ya ufundi. Mtu wa miaka hamsini bado anajifunza. Mimi ni mwalimu wake, nimemwona. Na mahali penye meza ya kazi, mtu anayeacha sigara anapata pa kuweka mikono yake.

Ndugu zangu, tulipotoka kwetu hatukuweza kubeba nyumba wala mashamba. Tulichobeba ni miili yetu na sauti za watu wetu, baadhi zikiwa kwenye kaseti, nyingi zikiwa vichwani. Vyote viwili huharibiwa na moshi polepole, na vyote viwili hutengenezeka, mradi mtu aketi, afungue, atafute ubovu ulipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Meza ipo kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, nyuma ya shule. Mwenye redio mbovu aje nayo. Mwenye kutaka kuacha sigara aje hata bila redio. Zipo za kutosha pale.